Bunduki ya Asiyekuwepo

Quinsett, Massachusetts
Mwishoni mwa Aprili

Kwa shemeji yangu mpendwa Russell,

Pokea salamu kutoka nyumba unayoijua, yenye ile ngazi inayolia mtu akikanyaga upande wa kushoto. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limeelewana na joto la Florida kuliko lilivyoelewana na baridi yetu. Binti yako Joanne na wanawe hawajambo? Mwambie ile picha ya mdogo wao aliyevaa kofia ya majani nimeibandika kwenye jokofu, naiona kila ninapofungua kuchukua maziwa. Mimi sijambo. Usiku ninaolala ni mwingi kuliko usiku nisiolala, na mwaka jana nisingeweza kusema hivyo. Theluji imekwisha, imetuachia matope kama kawaida yake, na yale maua ya zambarau mliyopanda wewe na kaka yako Wendell karibu na sanduku la barua yametoka tena bila kuulizwa na mtu.

Najua hupokei simu zangu, na sikulaumu. Nami kuna watu niliwaacha wapige mpaka wakachoka. Lakini safari hii nakuomba usome mpaka chini kabisa. Kuna jambo limetokea siku ya ukumbusho, tulipoigiza tena vita vya darajani. Linahusu asubuhi ile ya mwaka jana aliyoanguka Wendell, na linakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Ningeweza kulisema kwa mstari mmoja, ila nakujua. Ungeikunja karatasi ukasema Lorna ananihurumia. Kwa hiyo nitakusimulia lilivyokuja, ulione mwenyewe kama nilivyoliona mimi.

Sijasahau uliyoniambia baada ya mazishi. Tulikuwa tumesimama karibu na birika la kahawa katika ukumbi wa kanisa. Nilikunyooshea mkono, wewe ukaurudisha wako nyuma. Ukasema, "Usinishike, Lorna. Miaka yote tunalenga juu ya vichwa. Mwaka huu nilimlenga yeye, kifuani, kwa utani tu. Nikavuta, akaanguka." Nilikujibu kwamba magobore yetu hayana risasi, ni baruti na karatasi tu, na daktari amekwisha sema ni moyo. Ukaniuliza, "Na huo moyo ulisimamishwa na nini?"  Ukalirudisha koti lako jekundu la kuigizia askari wa Kiingereza kituo cha zimamoto, umelikunja vizuri kama shuka, na wiki haikuisha ukawa umehamia kwa bintiyo.

Utani wenyewe nao naukumbuka ulivyoanza, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwamiminia shira kwenye chapati za maji asubuhi ile. Wendell alikutazama tumbo akasema, "Mdogo wangu, hivyo vifungo vikifyatuka leo vitajeruhi watu wengi kuliko bunduki yako." Nawe ukamjibu, "Kula taratibu, kaka. Leo nakushusha mbele ya mkeo." Meza nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka, nikamwaga shira kwenye kitambaa.

Basi. Hollis Pratt, mwenzake kikosini, ndiye aliyeileta bunduki ya Wendell nyumbani mchana ule. Wakati sisi tumekimbilia hospitali, yeye aliiokota majanini, akaipangusa umande, akaja kuitundika juu ya meko kwenye misumari yake miwili. Nilikataza mtu yeyote asiiguse. Hata Curtis mwanangu alipotaka kuisafisha, nilimwambia aiache kama ilivyo. Nilitaka kitu kimoja ndani ya nyumba kibaki kama mkono wa baba yake ulivyokiacha.

Unakumbuka kila mwaka baada ya ukumbusho Wendell alivyolichukua sinki langu la jikoni? Alimimina maji ya moto ndani ya mtutu, uchafu mweusi ukatoka, na nyumba nzima ikanuka mayai viza mpaka jioni. Vitambaa vyangu vizuri viligeuka masizi. Nilimgombeza kila mwaka, naye kila mwaka aliahidi kwamba mwakani atafanyia nje. Mwaka huu uliopita hapakuwa na harufu. Kila Jumamosi niliipangusa vumbi bunduki ile, kitambaa kikatoka kisafi, nami nikaona kama huruma ndogo niliyofanyiwa. Niliona pia kwamba ile nyundo yake ya jiwe la cheche imesimama nusu, haiko juu wala haiko chini, nikawa naangalia kitambaa kisinase hapo. Sikufikiria zaidi. Mtu huwa haulizi maswali kitu anachokililia.

Mwezi wa pili Norm Bissell, kapteni wa kikosi chetu cha wanamgambo, alikuja na mkewe Phyllis, wameleta pai ya tufaha. Nilipoiona tu ile pai nilijua wamekuja kuomba. Norm alizungukazunguka, akazisifu kuni zangu, akaulizia paa, mwisho akasema kikosi kinaiomba bunduki ya asiyekuwepo. Wewe umesimama na Makoti Mekundu miaka yote, umeitazama kutoka ng'ambo ya daraja, lakini unajua ilivyo upande wetu. Mwanamgambo akifa, bunduki yake hurudi uwanjani mara moja tu, ikafyatuliwa peke yake kabla ya nyingine zote, na anayeifyatua ni mtu wa damu yake. Baada ya hapo inapumzika kabatini, kituo cha zimamoto, na haishikwi tena.

Nilimwambia Norm hapana. Nilisema mwenye kuishika amekufa na nisingependa kuisikia ikilia mikononi mwa mwingine. Norm aliinamisha kichwa, akala pai yake mwenyewe. Lakini Curtis alipokuja kutoka Hartford na kusikia, alikaa kwenye kile kiti cha baba yake, akaniuliza kwa upole, "Mama, baba amewafyatulia wenzake wote waliomtangulia. Yeye afyatuliwe na nani? Upepo?" Anapokaa hapo, Russell, mabega ni yaleyale. Nikakubali.

Sasa nakuja kwenye kosa letu, nalo ni kosa la watu wa Quinsett tu, sidhani kama kuna mji mwingine ungelifanya. Unajua bunduki zote hukaguliwa siku ya kuamkia ukumbusho. Mdeki, ile fimbo ya chuma, unadondoshwa ndani ya mtutu mtupu, nao lazima ulie kama kengele. Ukisema "du", mna kitu ndani, na mwenye bunduki anarudishwa nyumbani kwa aibu. Kazi hiyo ilikuwa ya Wendell. Alimrudisha hata Norm mwaka ule, ukapteni wake na upanga wake, na mji mzima ulicheka mpaka kiangazi. Lakini bunduki ya asiyekuwepo haikaguliwi. Inatoka nyumbani imefungwa kwa kitambaa cha meza cha familia, inafunuliwa uwanjani, basi. Kuikagua ni kama kumtilia marehemu shaka. Curtis, ambaye ni mtu wa tahadhari, aliuliza kama si vizuri kuitazama. Norm alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema, "Niikague bunduki ya Wendell Thayer? Afadhali nimpekue mchungaji mifuko." Curtis alicheka. Nami nikiwa nakoroga supu ya chaza nilicheka pia. Ndivyo tulivyolipita jambo lile, wote watatu, tukicheka.

Siku yenyewe iliamka na ukungu. Kengele ya kanisa ililia, nikavaa koti la Wendell la sufu kwa sababu langu halikutosha kwa baridi ile, na tukaenda kula chapati za maji kituo cha zimamoto kama kawaida. Kiti chako kilikuwa wazi. Hakuna aliyekikalia, ingawa watu walikuwa wamejaa mpaka wengine wanakula wima. Makoti Mekundu mwaka huu waliongozwa na Alan Fitch, daktari wa meno. Sauti yake unaijua. Hollis alimwambia, "Alan, ukitoa amri kwa sauti hiyo watadhani unawaambia wasukutue." Alan alijitahidi kujibu tusi akashindwa, akasema tu kwamba tutaonana darajani. Nilijua kila mmoja anakufikiria wewe, kwamba ungelikuwepo Hollis angelijuta kuzaliwa. Mimi niliendelea kumimina shira.  

Uwanjani nilisimama mbele kabisa, penye kamba ya kuzuia watazamaji, na Phyllis pembeni yangu. Mchungaji alisema maneno yale ya kila mwaka, kwamba watu wa Quinsett walitangulia kufyatua darajani na uhuru wa nchi hii ulianza hapa kabla wakubwa hawajakaa kuuandika. Mtu wa mji wa jirani alikohoa kama wanavyokohoa kila mwaka, maana wao wanadai ulianzia kwao. Kisha mzinga mdogo ulipigwa kule kilimani penye kanisa. Kwa sababu ya ukungu moshi haukupanda. Ulishuka, ukatambaa juu ya majani, ukatufikia sisi wa penye kamba. Watu walianza kupunga mikono mbele ya pua.

Mayai viza, Russell. Harufu ya sinki langu.

Wakati huo Curtis alikuwa amekwisha toka kwenye mstari. Alikifunua kitambaa changu cha meza, akakiweka begani kama inavyotakiwa. Aling'ata kifuko cha karatasi, akamimina baruti kidogo kwenye kibakuli kilicho chini ya nyundo na iliyobaki ndani ya mtutu, akasukumia karatasi kwa mdeki. Nilimwonea fahari. Lakini pua yangu ilikuwa na habari nyingine. Nilijiuliza mbona harufu hii haijaingia nyumbani kwangu mwaka mzima. Bunduki iliyofyatuliwa bila kuoshwa ilipaswa kuninukia pale juu ya meko mpaka nihame. Kitambaa changu cha Jumamosi kilipaswa kutoka cheusi. Ndipo nikaukumbuka uso wa Wendell siku ile. Hospitali walinipa kitambaa cha maji wakaniacha naye. Nilimpangusa midomo, ilikuwa na baruti, kwa sababu alikuwa amekwisha ng'ata karatasi yake. Lakini shavu la kulia lilikuwa safi. Kila mwaka moshi humpaka shavu lile, na kila mwaka nililifuta kwa kidole gumba kabla hajanibusu. Siku ile sikufuta kitu.

Alitia baruti. Hakufyatua. Na mwanangu alikuwa ameongeza ya pili juu yake.

Norm akatoa amri, "Tayari!" Curtis akaivuta nyundo nyuma kabisa.

Niliinama kupita chini ya kamba. Phyllis alinikamata mkono wa koti, akaninong'oneza, "Kaa, Lorna. Mwache mtoto amuage baba yake." Alikuwa na nguvu, na nia njema, navyo vyote viwili vilinizuia. Basi nikaliacha koti. Lilikuwa la Wendell, kubwa kwangu, nikatoka ndani yake kama mtu anavyotoka kitandani. Phyllis akabaki nalo mkononi.

Unajua hakuna anayevuka kamba. Yule mgeni mlevi alipoivuka miaka ile, Wendell mwenyewe alisimamisha kila kitu na watu wakarudi nyumbani na hasira. Nilisikia mwanamke akisema nyuma yangu, "Maskini, imemzidi." Norm alipaza sauti, "Lorna! Rudi nyuma ya kamba!" Sikwenda mbele ya mtutu, hilo Wendell alinifunza. Nilipita nyuma, nikaweka kiganja mgongoni mwa Curtis, kati ya mabega. Hakuishusha bunduki. Alisema bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi aliyeaibishwa shuleni, "Mama, tafadhali. Si hapa. Si mbele ya watu wote hawa."

Nilimwambia, "Curtis, usivute. Mna baruti mbili humo. Yako na ya baba yako."

Norm alifika akiwa ameushika upanga usimgonge miguu. Aliniambia taratibu, kama unavyosema na mtu aliyesimama juu ya paa, "Lorna, mpenzi, wewe una huzuni, na siku kama hii..."

"Nina huzuni, ndiyo," nilimwambia. "Nina pua pia."

Huko ng'ambo ya daraja Makoti Mekundu hawakuona kitu kwa ajili ya ukungu. Walidhani tunachelewesha makusudi, na mmoja wao, nafikiri ni yule mdogo wa akina Doyle, akaanza kupiga kelele. "Vipi huko, wakulima? Mmeshatubu? Njooni basi tuwasamehe, chai inapoa!" Wenzake wakashangilia. Upande wetu hakuna aliyejibu. Nadhani hiyo ni mara ya kwanza tangu mji huu uanze kwamba tusi la darajani limekosa jibu.

Norm alinitazama, akamtazama Curtis. Shemeji, niliona anavyopima. Akiikagua, anamtilia shaka Wendell mbele ya mji. Asipoikagua, na mimi nasema kweli... Kidole cha Curtis kilikuwa bado mahali pake.  Mwishowe Norm alisema kwa sauti ya chini, "Kijana, toa kidole. Teremsha pole pole." Akaishusha nyundo mwenyewe kwa kidole gumba, akapuliza baruti ya kwenye kibakuli ikaruka. Kisha akamwita Hollis atie baruti bunduki yake, mara moja tu, kama kawaida. Akaingiza mdeki ndani ya ile ya Hollis, ukabaki umechomoza kidogo. Akaingiza mdeki wa urefu uleule ndani ya ile ya Wendell, polepole, kama daktari. Ukachomoza kuliko ule wa Hollis kwa upana wa kiganja kizima.

Norm alivua kofia yake. Alimwambia Curtis, "Mtutu mzee huu. Ungevuta, ungekupasukia usoni." Kisha akakaa chini majanini, na upanga wake, na manyoya yake ya kofia, akakaa tu. Curtis alinigeukia, na nilimwona rangi ikimtoka kuanzia paji la uso kwenda chini.  Alinishika mkono kama tulipokuwa tukivuka barabara zamani, ila sasa mkono wake ndio mkubwa.

Sikutaka siku iharibike, nikamwomba Norm aendelee. Hollis alimkabidhi Curtis bunduki yake mwenyewe, na Curtis akamfyatulia baba yake kwa hiyo. Sikuziba masikio. Darajani mambo yalikwenda vilevile kama kila mwaka, ila Makoti Mekundu walikuwa wepesi kupita kiasi, hawana mtu wa kuwashikilia mstari. Phyllis alinirudishia koti akaniwekea mabegani, akalia yeye badala yangu.

Sasa, shemeji, tafadhali usiruke hapa.

Mchana ule Norm, Hollis na Curtis walikuja jikoni kwangu kuitoa ile baruti. Waliitilia maji kwanza, kisha Norm akafunga skrubu kwenye ncha ya mdeki. Nilitandika gazeti mezani. Kwanza ilitoka karatasi ya Curtis, kisha baruti yake, nyeusi kama kahawa iliyolowa. Halafu skrubu ikashika tena, ikatoka karatasi nyingine, kavu kidogo, ya rangi ya chai. Nikaiomba. Ukingo wake ulikuwa umeng'atwa, na katikati ya alama za meno pana nafasi ndogo ambapo karatasi haikukatwa sawasawa. Ni lile jino lake la mbele lililovunjika. Wewe ndiye uliyelivunja, pale bwawani, kwa gongo la mchezo wa barafuni, mkiwa watoto, na mkamdanganya mama yenu kwamba alianguka.

Wote tuliitazama karatasi ile. Norm ndiye aliyeanza kufikiri. Aliniuliza bunduki ilipokuwa ukutani nyundo ilikaaje. Nikamwonyesha kwa kidole, nusu, si juu wala chini. Curtis alisema ndivyo alivyoikuta alipoitungua. Hollis akasema, polepole, ndivyo alivyoiokota majanini.

Norm aliuweka mdeki mezani. Akatueleza, na mimi nakueleza wewe kama alivyosema, ingawa wewe unayajua haya kuliko mimi. Nyundo inakaa nusu wakati mtu anatia baruti. Inapotolewa amri ya "Tayari," ile ya kwanza kabisa, kila mtu anaivuta mpaka mwisho. Bunduki ikifyatuliwa inashuka. Ya Wendell haikuvutwa wala haikushuka. "Hakuisikia hata ile amri ya kwanza," Norm alisema. "Au aliisikia, mkono ukakataa." Na katika mji wetu, Russell, wanaofyatua kwanza ni sisi. Kuna "Tayari" yetu, kuna "Lenga" yetu, kuna mlio wetu na moshi wetu, ndipo zamu yenu inapokuja.

Hollis alikuwa amegeukia dirishani. Unajua mwaka jana yeye ndiye aliyepangiwa kufa kwenye maigizo, ndiyo maana alikuwa bega kwa bega na Wendell. Alisema kuna kitu hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu anakionea aibu. Kabla ya amri yoyote, mlipokuwa bado mnatukanana, Wendell alimwegemea. Mzito, begani. Hollis alidhani ni vichekesho vyake vya kawaida, akamwambia, "Simama vizuri, mzee, bado hatujaanza kufa." Wendell hakumjibu. Hollis akamshikilia kwa bega lake mpaka zamu yenu ilipofika, na ninyi mlipofyatua yeye akajiangusha kama alivyopangiwa. Wendell hakuwa tena na bega la kuegemea. Akaanguka naye. Watu wakapiga makofi, na Hollis pale chini akamnong'oneza, "Wendell, si zamu yako." Nilimsikia mtu mzima akilia jikoni kwangu, nikamkatia mkate.

Umeona sasa? Uliona kweli. Ulivuta, naye akaanguka. Lakini kilichoanguka ni bega la Hollis. Kaka yako alikwisha kuanza kwenda wakati bunduki yako bado imeelekea chini, wakati wewe ulikuwa umeweka mikono mdomoni unamwita, kwa sauti iliyofika mpaka penye kamba, "Wewe mla viazi, mkeo anakupenda kwa huruma!" Nililisikia tusi hilo, nikacheka. Nafikiri na yeye alilisikia. Nafikiri ndilo jambo la mwisho alilolisikia vizuri duniani, sauti ya mdogo wake akimtania, na kama ungenipa mimi kazi ya kumchagulia, nisingemchagulia lingine.

Daktari alituambia moyo, hukuamini, na mimi sikuweza kukujibu. Sasa nimekujibu. Sikulitunga mimi. Lilikaa juu ya meko yangu mwaka mzima, nikalipangusa vumbi kila Jumamosi.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ndogo niliyoizungushia pamba. Ni ile yake, yenye meno. Usiogope, haina baruti tena, Norm ameiosha mara mbili. Tafadhali usidhani nakupa. Nakukopesha. Naitaka irudi, na siiamini posta kwa kitu kama hicho, kwa hiyo itabidi uilete kwa mkono wako kabla ya Aprili nyingine. Koti lako lipo kituo cha zimamoto. Phyllis amesogeza vifungo, amesema hataki kusikia neno lolote kuhusu jambo hilo. Alan Fitch ameapa mbele ya mashahidi kwamba haongozi tena hata foleni ya benki.

Bunduki imepumzika kabatini, imeoshwa. Curtis aliiosha kwenye sinki langu, na nyumba ilinuka mpaka jioni. Sikumgombeza.

Nisalimie Joanne na watoto, na huyo wa kofia ya majani mbusu kwa niaba yangu. Curtis anakusalimu, amesema nikuandikie kwamba baba mdogo ana deni la tusi kwa Hollis na riba inapanda. Hollis anakusalimu pia, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Litunze goti. Ngazi ile sijaitengeneza, ili nikusikie ukipanda.

Ni mimi shemeji yako,
Lorna Thayer